Picha za Jubilei ya Mzee Leonardi

Zamani, mtu wa mtaa wa Malangali, pale Sumbawanga, akisema anakwenda kupiga picha, alikuwa na maana anakwenda kwa Cleophas. Hapakuwa na haja ya kutaja mahali. Chumba chake kilikuwa kimoja, chenye dirisha la barabarani na pazia la kijani, na ukutani palichorwa maporomoko ya Kalambo, maji meupe yakianguka kati ya miti. Mchoraji alikosea kidogo, maji yakawa mapana kuliko mto wenyewe, lakini watu waliyapenda hivyo hivyo. Nyumba nyingi za mtaa ule zina picha ya bibi harusi amesimama mbele ya maporomoko yale, na wengi wa maharusi hao hawajafika Kalambo mpaka leo.

Cleophas ni mtu wa kijiji cha Msanzi. Baba yake, marehemu Christopha, alilima mahindi na ulezi, na yeye angelima vilevile kama padri mmoja aliyekuwa anahama parokia asingemwachia kamera kuukuu ya filamu. Akaanza kuzunguka vijijini kwa baiskeli. Filamu alizituma Mbeya kwa basi zikasafishwe, na watu walisubiri wiki tatu kujua kama siku ile macho yao yalikuwa wazi au yamefumba. Filamu zilipokwisha madukani, aliuza ng'ombe wawili akanunua kamera ya kadi. Alijifunza kuiwasha, kupiga, kutoa picha na kufuta. Zaidi ya hapo hakuuliza kitu.

Kisha akaja Lwitiko.

Lwitiko alitoka Mbeya akimfuata mkewe, Asifiwe, mwalimu aliyehamishiwa Sumbawanga. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, Cleophas hamsini na mbili. Akapanga chumba upande wa pili wa barabara, mlango ukitazamana na dirisha la Cleophas, akakiita Tuntufye Picha kwa jina la binti yake. Alileta taa zenye miavuli meupe, kompyuta, na mashine ya kuchapa picha kubwa kama mlango wa kabati. Yeye hakuwa na maporomoko ukutani. Alikuwa na kitambaa cha kijani tu, na mteja akishapigwa, kompyuta ilimweka popote alipotaka, ufukweni au mbele ya ghorofa.

Kilichomkera zaidi Cleophas ni kwamba kijana hakuwa na kosa. Kila asubuhi alipofungua mlango alivuka barabara nusu, akasimama, akainamisha kichwa kidogo kama walivyofunzwa kwao.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba," Cleophas alijibu, na neno lilimkwama kama punje ya hindi kwenye meno.

Angekuwa mjeuri, angemchukia akapumzika. Lakini ukimchukia mtu anayekuamkia kila siku, chuki yote inarudi kukulalia wewe mwenyewe. Cleophas alianza kuhesabu. Alihesabu wateja wanaoingia kule kabla hajafungua kinywa kunywa chai. Aliwajua kwa majina, maana alikuwa amewapiga picha za ubatizo, za komunyo, za kumaliza shule, na sasa walipita mbele ya dirisha lake wakitazama chini. "Yule hapigi picha," aliwaambia waliobaki. "Yule anapiga kompyuta." Walicheka, lakini mwezi uliofuata na wao walivuka barabara.

Kuna jambo moja hakumwambia mtu. Alikuwa anasimama nyuma ya pazia, akipenyeza lenzi ndefu kwenye upenyo, na kupiga picha dukani kwa Lwitiko. Alipiga karatasi ya bei mlangoni. Alipiga miavuli ile, ajue imekaaje. Alipiga picha zilizotundikwa dirishani, kisha akazikuza kwenye kamera yake akitafuta kosa. Hakuliona. Akishatazama alizifuta, kesho akapiga nyingine.

Siku moja ya Juni akiwa paziani hivyo hivyo, aliona kina mama wa kwaya wanashuka barabara katika sare mpya za kitenge cha bluu. Walikuwa kumi na wanne. Walisimama kwa Lwitiko wakipangana kwa urefu, wakicheka, na wa tatu kutoka kushoto alikuwa Rozina, mke wake. Kidole kilibonyeza chenyewe. Alimpiga picha akiwa anacheka, akampiga akiwa anaingia, akapiga mlango uliobaki wazi nyuma yake.

Jioni mezani Rozina alisema, "Leo tumepiga picha za sare."

"Vizuri," Cleophas alisema. "Nisogezee chumvi."

Hakusema zaidi, na Rozina, aliyekuwa ameandaa majibu njia nzima, hakupata swali la kuyajibu.

Mwezi wa saba, mavuno yameshaingia ghalani na upepo wa Ufipa unakata masikio, Vitus alimpigia simu. Vitus ni wa Msanzi pia, wamecheza pamoja utotoni, na sasa ni mtumishi katika ofisi za halmashauri Matai. Wazazi wake, mzee Leonardi na bibi Margareth, walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa.

"Nisikufiche, Cleo," Vitus alisema. "Mimi nilitaka yule kijana wa Mbeya. Lakini mzee kakataa. Anasema aje mtoto wa Christopha, siyo mtu wa kumgeuzageuza kama maiti."

Cleophas alicheka mpaka akakohoa. Siku tatu zilizobaki kabla ya sherehe alitembea kama mtu aliyelipiwa mahari. Aliifuta lenzi mara mbili kwa siku, na asubuhi Lwitiko alipomwamkia alimwitikia kwa sauti hata wapita njia wakageuka.

Jumamosi alifika Msanzi kwa pikipiki kabla umande haujakauka. Aliwakuta wazee chumbani mwao wakivaa. Kifungo cha juu cha shati la mzee Leonardi kilikuwa kimekataa kuingia, na bibi Margareth, ambaye macho yake hayaoni vizuri, alikuwa anakitafuta kwa vidole huku amebana midomo. Mzee ameinua kidevu kama mtoto anayenyolewa. Cleophas hakuwaambia wageuke. Alipiga mara tatu, nne, mwanga wa dirisha dogo ukiwaangukia wote wawili. Alijua papo hapo. Mpiga picha anajua, kama mvuvi anavyojua uzito wa kamba kabla hajaivuta. Wazo lake la kwanza, na alilikiri baadaye, halikuwa la wazee wale. Lilikuwa: Lwitiko hana picha kama hii.

Baada ya hapo ilikuwa misa, keki, ngoma, pombe ya ulezi, wajukuu wasiokaa mahali. Alipiga picha mia tatu na kitu. Alipoaga, mzee Leonardi alimshika mkono kwa muda mrefu, akamwambia kwa Kifipa kwamba baba yake angemwona leo angefurahi.

Jumatatu asubuhi alifungua duka akiwa bado na utamu ule. Mteja alikuwa anamsubiri mlangoni, Maganga, dereva wa lori, aliyehitaji picha za pasipoti haraka. Cleophas alikuwa na kadi mbili zinazofanana, moja ya jubilei na moja ya mahafali ambayo picha zake alishazikabidhi. Alichomeka moja kwenye kamera ili aisafishe. Wakati kamera inamwuliza kama ana hakika anataka kufuta zote, aliinua macho dirishani.

Kule ng'ambo, Lwitiko alikuwa amepanda ngazi akitundika picha mpya. Ilikuwa ndefu kuliko yeye. Kina mama kumi na wanne katika bluu, ngozi zao zinang'aa, hakuna hata mmoja aliyefumba macho, na wa tatu kutoka kushoto alikuwa anacheka cheko ambalo Cleophas alilifahamu tangu ujana. Katika miaka ishirini na minne ya ndoa hakuwahi kulinasa. Kila alipomwelekezea Rozina kamera, Rozina alikaza uso.

Alibonyeza ndiyo bila kutazama. Akampiga Maganga picha nne, akamchapia, Maganga akaenda zake.

Ilikuwa saa nne alipochomeka kadi ya pili kwenye kompyuta yake ndogo, aanze kuchagua za jubilei. Zikatokea kofia za mahafali. Akaitoa, akachomeka ile nyingine. Nyuso nne za Maganga, basi.

Alipekua begi. Alipekua mifuko ya koti. Aliinamia chini ya meza kama aliyepoteza sindano, ingawa alishajua. Kisha akafanya alichokuwa anakifanya siku zote jambo likimshinda: alifunga pazia.

Siku tatu alidanganya. Vitus alipopiga, alimwambia picha ni nyingi, anazisafisha. Rozina alipomwuliza mbona hali, alisema tumbo. Jumatano alikwenda kwa Bundala, fundi simu wa pale sokoni, akamwuliza kwa mbali, kana kwamba anamwulizia rafiki.

"Huyo rafiki yako asipige tena hata picha moja na kadi hiyo," Bundala alisema bila kuinua kichwa. "Zinaweza kurudi. Lakini mimi sina programu yake. Hapa mjini nenda kwa Lwitiko, alinirudishia za harusi ya dada yangu."

"Hakuna mwingine?"

"Labda Mbeya."

Cleophas aliuliza nauli ya Mbeya. Alikuwa tayari kusafiri siku nzima kwenda, na siku nzima kurudi, ili asivuke barabara ya hatua ishirini.

Alhamisi saa mbili asubuhi Vitus alipiga tena. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Cleo. Mzee ametutoka alfajiri. Kifua kilimbana, hatukumfikisha hata hospitali. Tunazika Jumamosi. Nitolee ile picha yake nzuri, kubwa, ya kuweka mbele ya jeneza. Mama anasema kuna moja ulipiga anamfunga kifungo. Anaitaka hiyo."

Simu ilipokatika, Cleophas alibaki ameishika sikioni. Rozina, aliyekuwa anafagia ukumbini, alimwona, akaegemeza ufagio.

"Baba Adolfu, kuna nini?"

Alimwambia yote, isipokuwa alichokuwa anakitazama wakati anabonyeza. Rozina alisikiliza amesimama. Mwisho akauliza, "Na Bundala kasema nani anaweza?"

"Wapo Mbeya."

"Nimekuuliza Bundala kasema nani."

Cleophas alielekeza kidevu upande wa kwa Lwitiko.

"Mzee Leonardi amelala maiti," Rozina alisema polepole. "Mkewe haoni vizuri, na anataka kitu kimoja tu cha kukisogeza karibu na macho. Na wewe umekaa hapa unalinda jina. Lete hiyo kadi."

"Nitakwenda mwenyewe."

"Tutakwenda wote. Nikikuacha utaishia kwenye pazia."

Walivuka. Lwitiko alikuwa anapanga fremu. Aliwaona akaziweka chini, akafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo kaka. Shikamoo dada."

Cleophas alisahau kuitika. Alisema maneno machache, akitazama miavuli badala ya kumtazama mtu. Lwitiko hakucheka wala hakushangaa, na hilo nalo lilimuuma. Aliichukua kadi, akasukuma kijitufe chake kidogo cha pembeni ili isiandikike, akaichomeka.

"Ulipiga nyingine baada ya kufuta?"

"Nne. Za pasipoti."

"Basi nne tano za mwanzo usizitegemee, kaka." Alivuta stuli akamwekea Rozina, nyingine akamwekea Cleophas. "Kamera ikifuta, picha haziondoki. Inachana orodha ya wageni tu, wageni wenyewe bado wamekaa ukumbini. Ila ukileta wageni wapya, wanakalia viti vya wale wa mwanzo. Hao ndio huwapati tena."

Cleophas alihesabu kichwani. Wa mwanzo walikuwa wale wa chumbani.

Programu ilianza kufanya kazi. Mstari wa kijani ulitambaa chini ya kioo, taratibu, na kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha picha ndogo zikaanza kuchomoza, moja moja, kama punje zinazopasuka kwenye kikaango. Bibi Margareth mlangoni mwa kanisa. Padri. Mzee Leonardi na keki. Mzee Leonardi anacheza ameshika fimbo juu. Rozina alishika mdomo. Cleophas alijikuta amesimama. Moja ilirudi nusu, chini ni kijivu kitupu, lakini nyingine zilikuwa nzima, mamia.

"Asante," alisema, na kwa dakika moja alikuwa na maana yake.

"Ngoja imalize. Haijafika mwisho wa kadi."

Lakini mwisho wa kadi, mahali ambapo picha za jubilei hazikufika, palikuwa na vitu vya zamani. Programu haichagui. Ikaleta wanafunzi wawili, kisha kuku, kisha karatasi yenye bei. Lwitiko alisogeza uso karibu na kioo. Ilikuwa bei yake. Ikaja mlango wake. Ikaja miavuli yake inashushwa kwenye gari. Ikaja Asifiwe, mkewe, amembeba Tuntufye mgongoni, akiwa hajui. Zikaja dirisha lake, wateja wake, mgongo wake mwenyewe akiinama kufunga kufuli, zote zimepigwa kutoka mahali pamoja, zote zina ukingo wa kijani pembeni, ukingo wa pazia.

Cleophas alinyosha mkono kama anayetaka kufunika kioo, akaurudisha. Pale hapakuwa na pa kujificha. Kila alichokifuta kwa aibu kilikuwa kinarudi kwa zamu yake, na mstari wa kijani haukuwa na haraka.

Zikaja sare za bluu. Rozina anacheka. Rozina anaingia. Mlango.

"Hii ni ya siku ile," Rozina alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulikuwa umesimama pale unanipiga mimi. Halafu jioni ukaniomba chumvi."

Rozina aligeuza stuli yake.

"Nilikaa wiki nzima najiuliza umekasirika au hujali. Ungenigombeza, ningejua nina mume."

Lwitiko alikuwa ameegemea kiti. Kwa mara ya kwanza tangu afike mtaa ule, uso wake haukuwa na heshima ndani yake. "Nilikuwa naona kitu kinang'aa dirishani kwako," alisema. "Nikamwambia mke wangu ni kioo cha fremu. Kaka, bei nimeibandika mlangoni. Ungeniuliza habari ya taa ningekuonesha, ningefurahi hata. Lakini mke wangu na mwanangu walikukosea nini?"

"Hawakunikosea," Cleophas alisema.

"Basi kwa nini?"

Angeweza kusema lolote. Bodaboda ilipita nje, vumbi likaingia mlangoni. "Nakuonea wivu," alisema. "Tangu siku ulipofungua. Nikiona mtu anaingia kwako nahisi kama amebeba kitu changu. Hata hizi za jubilei, ziliponifutika, nilikuwa natazama picha yako ya kwaya." Alimgeukia Rozina kidogo, macho hayakumfika. "Amekunasa unacheka. Mimi sijaweza."

Kompyuta ilitoa mlio kwamba imemaliza. Lwitiko aliweka picha za jubilei mahali pake. Zile nyingine zilikuwa arobaini na moja. Alizikusanya pamoja, akaweka kidole juu ya kitufe.

"Hizi nakuwekea, au?"

"Futa."

"Kufuta umeshajua hakusaidii," Lwitiko alisema, lakini alizifuta. Picha ya Asifiwe na mtoto aliifuta ya kwanza.

Ya mzee Leonardi waliichagua pamoja bila kutazamana: mzee ameketi baada ya misa, kofia gotini, anamsikiliza mtu asiyeonekana. Mashine ya Cleophas isingeweza kuichapa kwa ukubwa ule. Lwitiko alipunguza mwanga wa nyuma, akaongeza kidogo usoni, akaituma kwenye mashine yake. Ilipotoka, Cleophas aliishika kwa ncha za vidole. Makunyanzi yote ya mzee yalikuwepo, hata nywele mbili nyeupe sikioni. Ilikuwa kazi yake, na haikuwahi kutoka mikononi mwake nzuri namna ile. Badala ya kufurahi alihisi kile kidudu cha wivu kinageuka tena kifuani, kikitafuta pa kuuma.

"Nikuandikie jina lako pale chini?" Lwitiko aliuliza.

"Acha tupu."

Jumamosi waliizika maiti ya mzee Leonardi kwenye shamba lake, upepo ukipeperusha vitenge vya wanawake. Picha ilitangulia, imebebwa na mjukuu wa kike. Watu walinong'onezana jinsi ilivyo nzuri, na Vitus alimshika Cleophas bega mbele ya wote. "Huyu ndiye," aliwaambia wenzake wa ofisini. Cleophas aliinamisha kichwa, akanyamaza, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Baada ya maziko alimfuata bibi Margareth ndani. Alikuwa ameketi kwenye mkeka kati ya wanawake, miguu ameinyosha. Cleophas alichuchumaa, akampa bahasha ya picha ndogo. Bibi alizipitisha moja moja karibu kabisa na jicho lake zuri, kama anazinusa. Alipofika mwisho alirudia tangu mwanzo.

"Ile ya kifungo haimo," alisema kwa Kifipa.

"Haimo, mama. Nilizifuta zote kwa mkono wangu, kwa uzembe. Mtu mwingine ndiye aliyenirudishia, kijana wa Mbeya, Lwitiko. Hata ile kubwa ameichapa yeye. Ile ya kifungo haikurudi."

Vitus alikuwa mlangoni, amesikia. "Siku tatu uliniambia unazisafisha," alisema.

"Nilikudanganya."

Vitus aliondoka. Bibi Margareth alizikusanya picha, akazigonga gotini zikae sawa. Kisha akamwambia Cleophas, "Nieleze ilikuwaje."

Akamweleza. Alimweleza dirisha lilikuwa upande gani, vidole vyake vilishika wapi, jinsi mzee alivyoinua kidevu na kumtazama kwa chini, na jinsi alivyokuwa anazuia kicheko. Hilo la kicheko bibi hakulijua, maana macho yake hayakufika. Alimfanya alirudie. Wanawake wengine wakalia, yeye hakulia. Alisema tu kwamba mzee alikuwa hivyo, akivalishwa hucheka.

Vitus hakumsamehe upesi. Misa ya arobaini ilipokaribia alimpa Lwitiko kazi, na alipita dukani kwa Cleophas bila kusimama. Cleophas alimwona kupitia dirishani, pazia likiwa halipo tena, kwa kuwa Rozina alikuwa amelishusha na kulishona foronya. Lakini bibi Margareth alituma ujumbe kwamba bila mtoto wa Christopha hatapigwa picha na mtu. Kwa hiyo walikwenda wawili, Lwitiko akiendesha pikipiki, Cleophas nyuma amekumbatia begi la taa, njia nzima hadi Msanzi bila mazungumzo, kwa sababu ya upepo na kwa sababu nyinginezo.

Baada ya misa Lwitiko aliwapanga wazee wa ukoo mbele ya nyumba. Waliganda kama nguzo za uzio. Aliwaomba watabasamu, wakazidi kuganda. Alijaribu tena, akijipangusa paji la uso. Cleophas alisimama pembeni akimtazama anavyoshindwa, na raha aliyoisikia ilikuwa ya kweli na tamu, na aliiacha ikae kidogo kabla hajasogea. Kisha alisimama nyuma ya bega la Lwitiko, akawaambia wazee kwa Kifipa jambo fulani kuhusu mzee Leonardi, fimbo yake, na ngoma ya siku ile ya jubilei. Bibi Margareth ndiye aliyeanza. Akatupa kichwa nyuma, na wengine wote wakamfuata, mapengo nje.

Lwitiko alipiga. Aliitazama kwenye kioo cha kamera, akageuka, akamwonesha.

Cleophas alivaa miwani. Aliitazama kwa muda mrefu, akitafuta. Mwanga ulikuwa mahali pake. Hakuna aliyefumba macho. Ilikuwa nzuri kuliko yoyote aliyowahi kupiga pale kijijini kwao, na ilimuuma, naye akamrudishia kamera.

"Nzuri," alisema. "Hii taa umeiwekaje?"

Lwitiko alimtazama kidogo, kama anayepima. Akainama, akaanza kumwonesha.